Dawa ya Kulwa, Dawa ya Doto

Msimuulize mama kama amempa mtoto dawa. Naanza na hilo kwa sababu najua wengi wenu mtanisoma mkiwa mmesimama, foleni ya akina mama iko mlangoni, na huenda msifike mwisho. Ukimuuliza, "Umempa dawa?" atakujibu, "Ndiyo, nesi." Atajibu hivyo aliyempa, atajibu hivyo aliyesahau, na atajibu hivyo hivyo aliyeimwaga nyuma ya nyumba. Mwambie, "Mama, nionyeshe unavyompa." Kisha funga mdomo utazame. Na ukitazama, tazama kwelikweli, maana mimi nilitazama nisione, na nusura mtoto afe kwa sababu yangu.

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto katika kituo cha afya kilichokuwa kaskazini magharibi ya Kahama, kwenye barabara ya kwenda Geita, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu aliuza mchele Kahama, na Kisukuma changu kilikuwa cha sokoni: naweza kukuteremsha bei ya debe mpaka ulie, lakini mambo ya ndani ya nyumba za watu nilikuwa siyajui. Nilidhani nayajua. Muuguzi kijana mwenye baiskeli ya serikali na gauni lililopigwa pasi hudhani anajua mambo mengi.

Daktari wetu aliitwa Mrutu, Mpare, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Kwa cheti alikuwa tabibu msaidizi, lakini wilaya nzima ilimwita daktari, na mimi sitaanza leo kumshusha cheo. Kisukuma alijua maneno mawili tu, mwangaluka ya asubuhi na wabeja ya kushukuru, na aliyatumia bila kujali ni saa ngapi wala kuna nini cha kushukuru. Akina mama walimpenda kwa hilo. Mimi nilichelewa kumpenda.

Tulianza kwa kugombana. Tulikuwa na jokofu la mafuta ya taa la kutunzia chanjo. Ninyi mna majokofu ya umeme wa jua yanayojiendesha yenyewe. Letu lilitaka kulelewa kama mwali. Utambi ukichafuka, moto unageuka wa njano, moshi unajaa, na baridi inakwisha bila kukuaga. Kila asubuhi nilipiga magoti nikakagua moto, nikikuta wa bluu nasema alhamdulillahi. Siku moja nikamkuta Daktari Mrutu ameinama mlangoni mwa jokofu, anapapasa katikati ya chanjo za polio anatafuta soda yake.

"Daktari," nikamwambia, "ukifungua mlango huu mara tano kwa siku, chanjo zangu zinaiva."

"Sista Zainabu, mimi ndiye mkuu wa kituo hiki."

"Na mimi ndiye mwenye ufunguo."

Jioni ile nikanunua kufuli kwa Mwarabu wa pale kijijini. Tulinuniana siku tatu. Siku ya nne nikafika kazini nikakuta utambi umeshasafishwa, moto wa bluu, na daktari amekaa kwenye kigoda na masizi mpaka puani. Nikamchemshia chai. Toka siku hiyo soda zake alizizamisha kwenye mtungi wa maji, na kazi yetu ikaanza.

Namna yetu ya kufanya kazi ilikuwa hivi, na ninawapa bure. Yeye hakuwa na muda wa kwenda majumbani, mimi sikuwa na ruhusa ya kuandika dawa kubwa. Kwa hiyo nikawa na daftari la ziara. Kila nyumba niliyoingia niliandika: mtoto nani, analala wapi, anakula nini, dawa inakwendaje. Jumamosi asubuhi tukikaa, mimi nanoa sindano kwenye jiwe kabla ya kuzichemsha (ndiyo, tulizinoa, msishangae, sindano moja ilichoma ukoo mzima), yeye anasoma daftari langu kwa sauti. Nikiandika kwamba nyumba fulani mtoto analala jikoni kwenye moshi, yeye haandiki dawa ya kikohozi, anamwita baba mtu wazungumze habari ya dirisha. Nikiandika kwamba dawa inatolewa vizuri, anaamini kwamba inatolewa vizuri. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hawakusema vidole vikiwa viwili kimoja kikidanganya inakuwaje.

Sasa niwaambie habari ya mapacha.

Mama yao alikuwa msichana mrefu, mpole, anayeishi na mama mkwe wake kijiji kimoja mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Mume alikuwa amekwenda machimboni upande wa Geita, na habari zake zilikuja mara moja moja, za kuambiwa na wapita njia. Watoto walikuwa wa miezi minane. Usukumani mapacha hawatafutiwi majina: wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Kwa hiyo yeye tulimwita Mama Kulwa.

Kulwa alianza kukohoa. Daktari akamsikiliza kifua, akasema nimonia, imeanza, tumeiwahi. Akampa salfa ya maji, kijiko kimoja mara nne kwa siku. Mimi nikatafsiri. Siku ya tatu nikapanda baiskeli kwenda kutazama.

Nilimkuta Mama Kulwa uani, amewapakata wote wawili, kila goti na mtoto wake. Nikamwambia anionyeshe anavyotoa dawa. Yaani hata ule ushauri niliowapa mwanzo niliufuata. Akamimina kijiko, mkono hautetemeki, tone halikudondoka. Akamnywesha Kulwa. Kisha akampelekea Doto kile kijiko, naye Doto akakilamba huku anachekelea. Salfa ile ilikuwa na utamu utamu. Nikacheka. Nikajisemea, mtoto na kijiko bwana! Nikamsifu Mama Kulwa mbele ya mama mkwe wake, nikasema ningepata akina mama kumi wa namna hii ningestaafu kesho. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa fahari. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri: Dawa inatolewa vizuri.

Baada ya wiki mbili akarudi, Kulwa amezidi. Daktari akafungua daftari langu, akasoma, akalifunga. Sasa jiwekeni mahali pake. Dawa ametoa. Muuguzi wake amefika mpaka uani, ameona kwa macho. Amebaki nani wa kulaumiwa? Akamgeukia Mama Kulwa, na foleni yote ya kliniki inasikia.

"Dawa nimekupa. Nesi amekuja mpaka kwako. Wewe unamfanyia nini huyu mtoto? Unamlaza nje?"

Mama Kulwa aliinamisha kichwa. Hakuhitaji tafsiri, ukali hauna kabila. Akapewa dawa tena, ya siku nyingi zaidi, akaondoka na watoto wake, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Mimi nilikuwa kwenye mizani, niliendelea kupima. Nilikuwa hata namwonea hasira kidogo kwa kuniangusha.

Mara ya tatu alifika saa nne asubuhi, amebebwa na baiskeli ya jirani. Kulwa alikuwa halii tena. Pua zinacheza, mbavu zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, midomo imepoteza rangi. Mkiwa kazini muda mrefu mtajua: mtoto anayepiga kelele ana nguvu ya kupiga kelele. Aliyenyamaza ndiye wa kumkimbilia.

"Alazwe sasa hivi," daktari akasema. "Penisilini ya sindano, kila baada ya saa sita."

Nikatafsiri. Mama Kulwa akauliza, "Na Doto?"

"Doto haumwi," nikamjibu.

Akaanza kufunga khanga yake. "Basi tunaludi nyumbani," akasema kwa Kiswahili chake kidogo.

Daktari akapandisha sauti. Akasema mtoto atakufa njiani. Mama Kulwa machozi yanamtoka, lakini mikono inaendelea kufunga fundo. Nikamshika mkono. Nikamwuliza kwa Kisukuma changu cha sokoni, mayu, yaani mama, kwa nini? Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Hawa wamekuja pamoja. Anachopata huyu lazima apate na yule. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, anayenyimwa atakasirika aondoke duniani, na akiondoka yeye atamvuta mwenzake. Ataachaje Doto?

"Kila kitu mnawapa sawa?" nikauliza.

"Kila kitu."

"Hata dawa?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nesi, si uliona mwenyewe? Nusu Kulwa, nusu Doto. Ukanisifu."

Wanangu, nimefanya kazi hii miaka mingi, nimezalisha, nimezika, nimefokewa na wakubwa. Hakuna neno lililowahi kunipiga kama lile. Doto hakuwa analamba kijiko. Alikuwa anakunywa nusu ya dawa ya ndugu yake, na mimi nimesimama pale nacheka. Wala si kuona tu. Nilimsifu mbele ya mama mkwe wake. Baada ya sifa ile, nani angethubutu kubadilisha?

Na yote haya tuliyasema kwa Kisukuma. Daktari alikuwa amesimama, bomba la sindano mkononi, hajaelewa hata neno. Ningeweza kumwambia, "Mama anaogopa tu." Nayakiri haya kwenu kwa sababu mtajaribiwa vivyo hivyo. Daftari lilikuwa langu, mwandiko wangu, sifa yangu. Lakini mficha uchi hazai, na pale palikuwa na mtoto anayetafuta pumzi. Nikamwambia yote.

"Yaani wiki zote hizi Kulwa anapata nusu," akasema.

"Nusu."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, daktari. Niliona nikaandika uongo bila kujua."

Nilisubiri radi. Hakunifokea. Alitazama foleni ya akina mama, wengi wao wale wale waliomsikia akifoka siku ile, akasema, "Na mimi nimemtukana mbele ya watu." Kisha akamsogelea Mama Kulwa, akainama mpaka macho yao yakalingana. "Mama Kulwa, nisamehe. Wewe huna kosa. Kosa ni letu, mimi na nesi. Sista, mwambie hivyo hivyo, usipunguze." Sikupunguza.

Tatizo la pili likawa wodi. Tulikuwa na wodi moja ya watoto na ndani yake surua, vitanda vitatu. Kumwingiza Doto mzima pale ni kumwua kwa mkono wetu. Kumrudisha nyumbani, Kulwa naye anaondoka. Daktari akaniuliza, "Chumba chako cha mizani kina ukubwa gani?" Siku nyingine ningepigania chumba kile kama nilivyopigania jokofu. Nikatoa mizani, nikatoa meza, tukaingiza kitanda, Mama Kulwa akalala na wote wawili. Kliniki nikaifanyia barazani, mizani nimeining'iniza kwenye boriti.

Ikaja sindano ya kwanza. Kulwa akachomwa, hata hakushtuka; hilo lilinitisha kuliko pumzi zake. Daktari anageuka kuondoka, Mama Kulwa akasema, "Na Doto?"

Tukatazamana. Penisilini kwa mtoto mzima daktari asingeitoa, na alikuwa sahihi. Maji matupu mimi nisingekubali, maana kumchoma mtoto bure ni dhambi, na kumdanganya mama ambaye tumetoka kumwomba radhi ni dhambi nyingine. Daktari akasema, "Sista, usinitafutie jibu. Muulize yeye. Kitu gani kinatosha kuwa sawa?"

Nikamuuliza. Nikamweleza waziwazi kwamba dawa hii ya Kulwa haigawanyiki, ikigawanywa haifanyi kazi, na mzima haipaswi kumwingia. Alimpapasa Doto kichwani. Kisha akasema, "Aguswe. Daktali yule yule, mkono ule ule. Akiguswa inatosha."

Basi daktari wa serikali akachukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akamfuta Doto paja lile lile alilochomwa mwenzake, akambonyeza kidogo kwa kidole gumba. Doto akapiga yowe ambalo lilitoa watu barabarani. Ule ubaridi wa spiriti ulimkera kuliko sindano zote za wilaya. Na ikawa hivyo kila baada ya saa sita: Kulwa anachomwa ananyamaza, Doto anafutwa anaita majirani.

Kabla sijawaambia Kulwa alifikia wapi, nieleze tulichobadilisha siku zile zile, maana tulibadilisha tukiwa hatujui kama atapona, na kazi yenu nyingi mtaifanya mkiwa katika hali hiyo. Kadi za mapacha wote tukazibana pamoja kwa pini. Mmoja akiandikiwa dawa, mama anapewa chupa mbili: ya mgonjwa na ya mzima, ya mzima ikiwa vitamini, naye anaambiwa ipi ni ipi na kwa nini. Hatukumficha mama yeyote. Na kwenye daftari langu sikuandika tena "vizuri." Niliandika nilichokiona: kijiko kipi, mdomo wa nani, kimebaki nini. Mkaguzi mmoja aliyepita siku zile alikuta Doto ana faili la kulazwa. Akasoma kwa sauti: "Ugonjwa: hana. Sababu ya kulazwa: pacha." Akauliza huu ni utani gani. Daktari Mrutu akamjibu bila kucheka, "Mheshimiwa, huyo ni sehemu ya matibabu." Mkaguzi akaandika kitu, hatukujua nini, akaenda zake.

Siku ya pili Kulwa alikuwa vile vile. Siku ya tatu joto likashuka kidogo, lakini hakunyonya kwa nguvu, na bado hakulia. Mama mkwe alikuja kwa miguu toka kijijini, akakaa mlangoni, akanitazama tu. Nilistahili kutazamwa vile. Nilikuwa nikiingia pale nashindwa kuinua macho, nakamua maziwa ya Mama Kulwa kwenye kikombe, namdondoshea mtoto kwa kijiko, kijiko kizima kizima, nahesabu kila tone linaloingia mdomoni mwake. Daktari naye aliacha kwenda kula kwake. Tukikutana mlangoni yeye ananiuliza, "Pumzi ngapi?" namwambia, anatikisa kichwa anapita.

Asubuhi ya nne akaja na pamba yake na bomba lake. Siku hiyo, sijui kwa nini, labda kwa uchovu, alianza na Doto. Akamfuta, Doto akafungua mdomo, yowe likapanda mpaka kwenye mabati. Na toka upande wa pili wa kitanda ikasikika sauti nyingine, nyembamba, ya kukwaruza, imekasirika. Kulwa amegeuza uso, anamtazama ndugu yake, analia. Hajachomwa hata sindano. Analia kwa sababu mwenzake analia.

Daktari alibaki na pamba mkononi. Mimi nilikaa chini, sakafuni, gauni langu la pasi na vyote. Mama mkwe mlangoni alipiga kigelegele kimoja kifupi kisha akajiziba mdomo, kama anaogopa kukiharibu.

Mama Kulwa aliwainua wote wawili, mmoja mkono huu mmoja mkono huu, kila mmoja anashindana na mwenzake kwa kelele. Alitusubiri tumtazame. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili daktari naye asikie bila mimi:

"Sasa wamelingana."